Maji ya Mzazi Hayazimuliwi

Nianze na waliokuwamo, maana wengi wenu hamkuwakuta. Alikuwamo Bibi mzaa baba, Mwana Zena, mwenye nyumba pale mtaa wa Kuze, kisiwani. Tukimwita Bibi wa Kuze. Alikuwamo Bibi mzaa mama, Mwanakombo, aliyevuka maji kutoka Mtongwe, ng'ambo, kuja kumtumikia mwanawe. Huyo tukimwita Bibi wa Mtongwe. Alikuwamo Baba, Athumani, mwana wa pekee wa kiume wa Bibi wa Kuze, na dadake Baba, shangazi yangu Rehema, msichana bado hajaposwa. Alikuwamo Mama, Saada. Alikuwamo ndugu yangu mchanga, aliyepewa jina la Salim siku ya saba. Na mimi, meno ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yananitoka. Hao tu. Waliokuja baadaye walikuja kwa kilio, na hao siwahesabu.

Yamenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi kanifungia bafuni dude la kuchemshia maji, jeupe, lina kitufe cha kuzungusha chenye namba pembeni. Akaniita nichague mwenyewe moto niutakao. Nikamwambia mimi sikusoma, namba za moto sizijui. Akacheka, akasema basi anianzie na arubaini, watu wazima wengi huipenda arubaini. Maskini, hakujua kasema nini. Nikamwambia aweke apendavyo, nikatoka nikaenda kukaa kitandani, na siku ile sikuoga.

Kwetu arubaini si moto. Arubaini ni zile siku mzazi, mwanamke aliyejifungua, azikaazo ndani, hatoki, hashiki kazi, hukandwa na kuogeshwa asubuhi na alasiri mpaka mwili umrudi. Mama yangu hakuimaliza yake.

Nyumba ya Kuze ilikuwa na sufuria la shaba, na mtaa mzima wakilijua. Si la kupikia. Lilijengewa uani kwa mawe na chokaa, chini lina tundu la kutilia kuni, ubavuni lina bilula ya kufungulia maji. Babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, alilinunua kwa Muhindi wa bandarini, likaletwa limechukuliwa na wapagazi wanne na watoto nyuma wanapiga vigelegele. Nyumba nyingine zilichemsha maji kwa vyungu na madebe. Sisi tulikuwa na bilula, na tukiringa kwayo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye habari yenyewe. Moto wa maji yale haukuchaguliwa baada ya kuchemka. Ulichaguliwa kabla, kwa kuni. Ukitaka maji ya kumuogesha mtoto mchanga, watia makumbi ya nazi, yanafuka polepole, moshi wake mzito wanuka kama mkeka uliolowa. Maji ya watu wazima yalikuwa ya vifuu. Na maji ya mzazi yalikuwa ya magogo ya mkoko, kuni ngumu isiyo na mchezo, ikishika haizimiki. Bibi wa Kuze alikuwa akiweka sikio karibu na shaba, akisikia inaanza kuguna, anasema tayari, na shangazi Rehema anafungua bilula. Kazi yangu mimi ilikuwa makumbi na vifuu. Nikivipanga chini ya ngazi, nikiogopa tandu, mikono inanuka moshi hata wakati wa kula.

Na ilikuwapo sheria moja. Maji ya mzazi hayazimuliwi. Vijana wa leo neno hili hawalisemi tena, basi niwaeleze: kuzimua ni kutia maji ya baridi ndani ya maji ya moto ili yavumilike. Bibi wa Kuze alikuwa akisema anayezimuliwa maji ni maiti peke yake. Maiti hawezi kusema yanamuunguza, kwa hiyo walio hai humchanganyia, wakamkadiria. Mtu mwenye roho huchaguliwa kuni. Maji yakizidi moto, yangojewe yapoe yenyewe. Nasi tulikuwa tukingoja, tumejifunika leso mabegani, tumekaa kwenye vibao kama kuku walionyeshewa, na hakuna aliyethubutu kuigusa ile ndoo ya kisima.

Ng'ambo ya pili, Mtongwe, mambo hayo hawakuwa nayo. Walichemsha kwa chungu mpaka kikatokota, wakamimina, wakazimua, wakaoga, wakaenda zao shamba. Mzazi kwao akizimuliwa, na mtoto akizimuliwa, na hakuna aliyefikiria kifo.

Salim alipozaliwa nyumba ilijaa harufu nzuri mpaka leo nikiipata mahali husimama. Udi, tangawizi iliyopondwa, uji wa mtama wenye pilipili manga, supu ya kuku, mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na karafuu. Bibi wa Mtongwe alikuja na kikapu cha mihogo na jogoo aliyefungwa miguu. Wale mabibi wawili walikuwa wakipendana, msije mkadhani vingine. Walikuwa wakitaniana tangu kwenye harusi ya Mama. Bibi wa Kuze akimuona mwenzake analitazama sufuria la shaba, alimwambia huko kwenu nasikia maji mwayaanika juani. Bibi wa Mtongwe akamjibu ndiyo, na sisi twaoga tukatakata, nyinyi mwachemsha kama mwapika mchele na bado mwanuka moshi. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mama naye ndani anacheka, anashika tumbo lake kwa kuwa linamuuma.

Bibi wa Kuze ndiye aliyekuwa akimkanda Mama. Alikuwa na mikono mipana, na alikuwa amekanda wazazi wa nusu ya mtaa. Anakunja kitambaa, anakitia kwenye maji ya mkoko, anakikamua huku vidole vyake vyekundu, kisha anakibandika kiunoni kwa Mama na kukandamiza. Anamuuliza kwa upole, "Vipi, mwanangu? Ni moto?" Na Mama kila siku jibu lake moja: "La, mama. Mazuri." Mkaza mwana hasemi mbele ya mkwewe kwamba yanamuunguza. Atasemwa mwororo. Hilo Bibi wa Kuze hakulifikiria, kwa kuwa naye alipokuwa mkaza mwana alisema vivyo hivyo, akasahau.

Kisha homa ikaja. Ilianza jioni, kidogo. Siku ya pili yake Mama hakuweza kumshika Salim. Macho yalikuwa yanawaka, midomo imepasuka, na nilipowekwa karibu naye nilihisi joto lake kabla sijamgusa. Baba akapanda ngazi akauliza kama amlete daktari wa serikali. Bibi wa Kuze akamwambia hakuna mwanamume atakayemtazama mzazi ndani ya arubaini, na Baba akashuka. Nilimsikia barazani akikohoa, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Bibi wa Kuze alisema ni baridi. Baridi ya uzazi imemuingia mifupani, na dawa yake ni moto. Akaamuru magogo ya mkoko yaongezwe. Shaba siku hiyo haikuguna, ilinguruma. Mama akakandwa, na nilipochungulia mlangoni niliona ngozi ya mgongo wake imekuwa nyekundu kama sahani ya udongo.

Bibi wa Mtongwe alikuwa amekaa pembeni amempakata Salim. Akasema polepole, bila ya kuinua macho:

"Mkwe, mwanangu yuwaungua. Nawe wamuongeza moto."

"Baridi haitolewi kwa baridi," Bibi wa Kuze akasema. "Nimekanda wengi mimi."

"Sikatai. Mzimulie leo tu. Kata moja ya kisima."

"Nimzimulie, yu hai?"

Bibi wa Mtongwe akasema basi aulizwe mwenyewe. Wakamuinamia wote wawili. Mama akamtazama mamake, akamtazama mkwewe, akasema yako sawa, mama. Sijui alikuwa akimwambia yupi. Wote wawili walikuwa mama.

Siku zile chache hakuna aliyecheka tena nyumbani. Mabibi walikuwa wakipishana kwenye ngazi wakisalimiana kwa heshima kamili, shikamoo na marahaba na u hali gani, kama watu wasiojuana. Mimi nilikuwa nalala na shangazi Rehema, na yeye alikuwa akilia mdomo ameubana kwenye mto.

Halafu jirani wa nyumba ya tatu akafiwa na mumewe. Bibi wa Kuze hakuweza kukosa mazishi yale, walikuwa wamekua pamoja. Baada ya adhuhuri akajifunika, akatuachia maneno: maji ya alasiri yako tayari, yakandwe kama kawaida, kama kawaida. Alilisema mara mbili. Akaenda.

Mlango ulipofungwa, Bibi wa Mtongwe alimuweka Salim kitandani. Akashuka uani mwenyewe, akafungua bilula, akajaza beseni. Kisha akateka kisimani ndoo ya maji ya baridi akaipandisha juu, huku shangazi Rehema amesimama na mkono mdomoni. Akazimua. Anachota kwa kata, ya kwanza, ya pili, anatia kiwiko, anangoja, anaongeza. Hakuwa na haraka. Yalipokuwa ya fufutende, si moto si baridi, akamvua Mama nguo, akamuogesha mwili mzima kama mtoto, kichwani mpaka miguuni, akimuimbia kitu cha kwao ambacho sikukijua. Mama akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu. Akasema, "Leo ndiyo nimeoga."

Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeshika taulo.

Jasho likamtoka. Joto likashuka, akataka uji, akakaa akaegemea mito, akamtaka Salim. Bibi wa Mtongwe uso ulimng'ara kama wa msichana. Akamwambia shangazi Rehema akimbie kwenye matanga akamwambie mamake asiwe na wasiwasi tena, mwambie Saada kapoa.

Kwetu mgonjwa akipata nafuu husemwa kapoa. Ndilo neno letu la kila siku. Lakini shangazi alikuwa msichana wa ndani, na wasichana hawakuingia ovyo kwenye nyumba ya msiba, basi akalitoa neno mlangoni kwa mwanamke mmoja, naye akalipeleka ndani. Na mle ndani kuna maiti ndiyo kwanza ametoka, watu wanalia, kila mmoja ana habari ya mwili uliopoa. Yule mwanamke akamuinamia Bibi wa Kuze akamnong'oneza kwa huruma, "Mkaza mwanao kapoa." Bibi wa Kuze akapiga ukelele mmoja. Waliokuwa karibu wakauitikia.

Sisi tulisikia kilio kinakuja njiani kabla hatujajua ni cha nani. Bibi wa Kuze aliingia miguu mitupu, leso imemuanguka, nyuma yake wanawake kadhaa wanalia, wanapanda ngazi wanamtaja Mama kwa jina, Saada, Saada, Mungu akulaze pema. Wakafungua mlango. Mama yuko kitandani na bakuli la uji mkononi.

Bibi wa Mtongwe, ndipo alipokosea, akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kwa furaha aliyokuwa nayo, na kwa zile nyuso walizokuwa nazo wale wanawake. Bibi wa Kuze naye mdomo ulianza kucheka, namkumbuka, ulianza. Kisha macho yake yakashuka sakafuni. Beseni lile pale. Ndoo ya kisima ile pale, na kata inaelea.

"Umezimua?"

"Nimezimua. Na mtazame."

Bibi wa Kuze hakumtazama. Wale wanawake wakaanza kurudi kinyumenyume, wamejifunika midomo. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini wote tuliisikia, kwamba huyu keshaliliwa na keshazimuliwa, sasa imebaki nini. Mama aliliweka lile bakuli chini.

Kuanzia hapo Bibi wa Kuze hakutoka tena. Alilala kwenye kizingiti cha chumba cha Mama. Alichoma ubani, akasoma, na alfajiri aliwasha mkoko kwa mkono wake mwenyewe, magogo mengi kuliko nilivyowahi kuona, ili amtoe Mama kule kwa wafu alikokwisha kumuona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Mama akakandwa kwa maji yale asubuhi na alasiri, na homa ikarudi na nguvu zake zote, na Ijumaa haikumkuta.

Niliyoyaona uani siku ya kumuosha ningependa kuyasahau, lakini kichwa changu hakisahau. Majani ya mkunazi yalikuwa yamepondwa, kafuri iko kwenye sahani. Sufuria la shaba lilikuwa limewashwa vifuu, na mimi ndiye niliyevileta. Maji yakafunguliwa, yalikuwa moto. Ndoo ya kisima ikawekwa kando yake. Mwoshaji akauliza nani atazimua. Bibi wa Kuze alikuwa ameegemea ukuta, sauti imemkauka. Akasema, bila ya kumtaja mtu:

"Azimue yeye. Mkono wake ushazoea."

Sijui kama alilitaka neno lile litoke. Lilipotoka hakuna aliyelirudisha. Bibi wa Mtongwe akapiga magoti. Akatia kata ya kwanza, ya pili, akatia kiwiko, akangoja, akaongeza, vile vile, hakuruka hata kimoja. Kisha akasema:

"Tayari. Hivi ndivyo ayapendavyo."

Baada ya siku za matanga akafunga kikapu chake. Alinikumbatia mlangoni, akanusa kichwa changu muda mrefu, akaondoka. Hakuvuka tena kuja kisiwani, wala mimi sikupelekwa kwake. Kila nikiuliza, niliambiwa njia ni mbaya, au maji yamechafuka, au Bibi hajambo, atakuja mwenyewe. Salim alikufa kabla hajatambaa. Mimi nikalelewa na Bibi wa Kuze, na alinilea vizuri, alinipa kila kitu. Ila aliacha kukanda wazazi. Wakija watu kumuita alisema mikono inamuuma. Habari za kifo cha Bibi wa Mtongwe zilitufikia keshazikwa, na usiku ule Bibi wa Kuze alikataa kula.

Kwa Kuze ilisimuliwa hivi: Saada alizimuliwa akiwa hai, ndiyo maana. Nimelisikia hilo tangu utoto mpaka nikaolewa. Na walikuwa wakiongeza jambo: kwamba asubuhi ya mwisho Bibi wa Mtongwe alisimama mlangoni, hataki maji ya mkoko yaingie, na Bibi wa Kuze anamwambia atoke nyumbani mwake, na Mama mwenyewe kwa mdomo wake akasema aleteni ya mkoko, nataka niyaoge. Basi, wakasema, mgonjwa mwenyewe alijua kimfaacho.

Shangazi Rehema ndiye aliyekuwa amebeba beseni lile. Alipokuwa na ugonjwa wake wa mwisho, miaka mingi baadaye, mumewe keshakufa na mimi ndiye ninayemuuguza, aliniambia neno halikuishia pale. Mama alisema aleteni ya mkoko, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, wasije wakamfukuza mamangu. Nikamuuliza shangazi mbona hakusema siku zote hizo. Akageukia ukutani. Nikamuuliza tena kesho yake, akasema hakumbuki kaniambia nini, homa ilikuwa imemshika.

Nyumba ya Kuze iliuzwa. Sufuria la shaba lilichukuliwa na mtengeneza vyombo, akalikata vipande barabarani kwa nyundo, watoto wakitazama. Magogo ya mkoko siku hizi hakuna anayeyauza mlangoni, makumbi yanatupwa, na wakunga wenye mikono ile wameisha. Wazazi wanarudi kutoka hospitali siku ya pili na wiki ijayo unawakuta sokoni. Sisemi ni vibaya. Wanaishi.

Lakini mimi nimebaki na upande mmoja tu wa habari hii. Nimekula kwa Kuze, nimesikia ya Kuze. Yale Bibi wa Mtongwe aliyowasimulia watu wake jioni, amekaa kwake na kikapu kitupu, sikuwahi kuyasikia. Inawezekana majina nimeyakosea, au nimemtia Mama maneno ambayo hakuyasema. Basi kama yuko mtu huko ng'ambo, wa ukoo wa Mwanakombo, aliyesikia kwa wazee wake vingine, na anirekebishe. Aje tu, nyumba yangu wataijua hapa Bondeni, aulize. Na kama wao wanasema Mama aliyataka maji yale ya moto kwa hiari yake, bila ya sababu nyingine, na hilo aniambie. Asinionee huruma kwa kuwa mimi ni mzee.